Maskati au Minneapolis: saa, jua na maisha ya mtaani kwa anayechagua

Ukoo ukiwa na shangazi Oman na binamu Minnesota, haukosi kijana aliyefunguliwa milango miwili na hajui aingie upi. Wakubwa wakikaa kumshauri, mazungumzo huanza na mshahara na kuishia kwenye mshahara. Pesa ni jambo kubwa, sikatai. Lakini nimeona wenye mshahara mzuri wakinung'unika kwa mambo ambayo hayakutajwa kwenye kikao: lini utaongea na mama, lini utalala, jua litazama saa ngapi, na siku ya msiba utakuwa wapi.

Kwa hiyo hapa naipima miji yote miwili kwa mambo matano: tofauti ya saa na nyumbani, mpangilio wa wiki, jua na hali ya hewa, maisha ya mtaani, na safari ya dharura. Viza na vibali naviweka kando, maana kanuni zake hubadilika na kila mtu ana karatasi zake. Tuchukulie milango yote miwili iko wazi kwako. "Nyumbani" ninamaanisha Dar es Salaam, na Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Kampala hesabu ni ileile. Wa Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako saa moja nyuma yetu, basi kwa Maskati waongeze saa moja kwenye tofauti na kwa Minneapolis wapunguze moja. Saa zote ni za Kiswahili isipokuwa niliposema vingine.

Tofauti ya saa

*Maskati* iko saa moja mbele ya Dar, mwaka mzima, bila kusogeza saa. Huku ikigonga saa mbili usiku, kule ni saa tatu. Mnaamka karibu pamoja, mnafuturu karibu pamoja, na mtoto akiugua usiku wa manane wewe pia uko kitandani kama wao. Kwa mzazi aliyeacha watoto kwa bibi, hili halina bei: unaweza kuuliza habari za shule mtoto akiwa bado na sare mwilini.

Ukaribu huo una gharama yake. Unapatikana. Fundi anayejenga nyumba yako Mbagala anapiga saa nne asubuhi kuuliza nondo, na wewe uko kazini saa tano. Kamati ya harusi ikikaa saa moja usiku, nawe unahesabiwa umo. "Nilikuwa nimelala" haikubaliki.

Kuna kikwazo kingine ambacho wengi hukigundua wakiwa wameshafika: kwa miaka mingi Oman imezuia simu za sauti na video za WhatsApp. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita, lakini ukibonyeza kitufe cha kupiga hupati kitu. Mwaka 2020 programu kadhaa za mikutano ziliruhusiwa, Zoom na Google Meet zikiwemo, na familia nyingi zikahamia huko. Ulizia hali ilivyo kabla ya kuondoka, na kama bibi hajui kutumia programu nyingine zaidi ya WhatsApp, mfundishe ukiwa bado uko naye.

*Minneapolis* iko nyuma ya Dar kwa saa tisa wakati wa baridi na saa nane wakati wa joto. Tofauti inabadilika kwa sababu Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, wakati sisi hatusogezi chochote. Ndiyo maana kila Novemba kuna mjomba anayelalamika kwamba kikao cha ukoo kimeanza kabla hajaingia.

Mwenye kuhesabu kwa Kiswahili ana njia ya mkato. Chukua tarakimu iliyo kwenye simu ya aliyeko Minneapolis, ongeza 3 wakati wa baridi au 2 wakati wa joto, ikizidi 12 toa 12, utapata saa ya Kiswahili ya Dar. Simu yake inasoma 7:00 asubuhi mwezi Januari: Dar ni saa kumi jioni. Inasoma 9:00 usiku: Dar ni saa kumi na mbili asubuhi, tena ya kesho yake. Hilo la "kesho" usilisahau ukimtakia mtu heri ya siku ya kuzaliwa.

Tofauti yenyewe ikoje maishani? Inategemea shifti yako kuliko kitu kingine chochote. Wengi wetu kule huanzia kwenye kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa. Ukipangiwa asubuhi, saa moja hadi saa tisa alasiri, basi wakati wa baridi unaingia kazini Dar ikiwa saa kumi jioni na unatoka huko ikiwa usiku wa manane. Jioni yote ya nyumbani, wakati watu wamekaa barazani, simu yako iko kwenye kabati la wafanyakazi. Unabakiwa na dakika chache kabla ya kazi, au ukeshe kidogo uwapate wakiamka.

Ukipangiwa usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi, mambo yanageuka. Wakati huo Dar ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni: benki ziko wazi, ofisi ya ardhi iko wazi, mwalimu mkuu anapokea simu. Nimekuja kuamini kwamba mtu wa shifti ya usiku Minneapolis anasimamia ujenzi wa nyumba yake Kibaha vizuri kuliko wa shifti ya asubuhi, ilimradi wazee anaowahudumia wamelala na msimamizi haoni ubaya akiongea kwenye mapumziko. Ubaya wake ni kwamba analala mchana kwa miaka, na mwili hulipa.

Kama ukoo uko kona zote tatu, kuna wakati mmoja unaowafaa wote: Jumamosi, saa mbili asubuhi ya Minneapolis. Wakati wa baridi Dar inakuwa saa kumi na moja jioni na Maskati saa kumi na mbili. Wa Minneapolis atakuja na macho mazito. Mvumilieni.

Wiki inavyokwenda

*Maskati* mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, tangu 2013. Kabla ya hapo yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu ya kwetu. Kwa hiyo siku ya mapumziko inayokukutanisha na watu wa nyumbani ni Jumamosi peke yake, na sherehe ya Jumapili Dar utaiona kwenye picha. Kwa Mwislamu, Ijumaa yenye nafasi ni raha tupu. Kwa Mkristo, makanisa yapo, kwenye viwanja vilivyotengwa Ruwi na Ghala, ila ibada zenye watu wengi huwa Ijumaa kwa sababu ndiyo siku watu wako huru. Ramadhani sheria inapunguza saa za kazi za Waislamu hadi sita kwa siku.

*Minneapolis* Jumamosi na Jumapili ni mapumziko kama nyumbani, kwenye karatasi. Hospitali na nyumba za wazee hazifungwi, na aliyeajiriwa jana ndiye hupewa wikiendi. Idi unaomba ruhusa mapema. Lakini usidhani Uislamu umejificha: Aprili 2023 baraza la jiji liliruhusu adhana kwa vipaza sauti kwa swala zote tano, ikiwemo Alfajiri, na Minneapolis ikawa jiji kubwa la kwanza Marekani kufanya hivyo.

Jua na hali ya hewa

Sisi watu wa karibu na Ikweta tumezoea jua linalotimiza ahadi: linachomoza kama saa kumi na mbili, linazama kama saa kumi na mbili.

*Maskati* inakaribia mazoea hayo. Desemba jua huzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni, Juni karibu saa moja. Shida ni joto. Kuanzia Mei mpaka Septemba nyuzi 40 si habari, na bahari huongeza unyevu unaofanya shati lilowe kati ya mlango na gari. Usiku haukuokoi: tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, pwani kusini mashariki ya Maskati, kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa ishirini na nne nzima. Sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Ukiwa fundi ujenzi, hilo liulizie kwenye mkataba kabla ya kuulizia posho. Kuanzia Novemba mpaka Machi, hata hivyo, ni hali ya hewa ambayo mtu wa Tanga angeiomba kwa dua.

*Minneapolis* iko nyuzi 45 kaskazini, nusu ya njia kati ya Ikweta na ncha ya dunia, na jua lake linafanya linavyotaka. Karibu na tarehe 21 Desemba linachomoza saa mbili kasorobo hivi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Aliye kwenye shifti ya mchana anaweza kumaliza wiki bila kuliona isipokuwa dirishani. Juni, kinyume chake, saa tatu usiku watoto bado wanacheza mpira uwanjani na mama wa Kiswahili anashindwa kuwaambia "ingieni ndani, ni usiku" kwa sababu si usiku. Isha husogea hadi karibu na saa tano. Funga ya Ramadhani ikiangukia miezi hiyo ni ndefu kweli. Kwa miaka hii Ramadhani iko upande wa baridi, na huko siku ni fupi kuliko unavyodhani.

Baridi yenyewe haielezeki kwa anayejua Lushoto tu. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na zipo siku za 25 au 30 chini. Kwenye vituo vingi vya treni ya mjini kuna kitufe ukutani: unabonyeza, taa nyekundu juu ya kichwa zinawaka na kumwaga joto, zinazima zenyewe baada ya muda, mtu mwingine anabonyeza tena. Wageni husimama chini yake wakiwa wamejibana mabega. Wenyeji wanasoma simu. Nguo nzuri ni matumizi ya lazima hapo. Koti la bei rahisi utalinunua mara mbili.

Maisha ya mtaani

*Maskati* ni mji mrefu, umejinyoosha kati ya milima na bahari, na bila gari unabaki mtaani kwako. Mabasi ya Mwasalat yapo na ni safi, lakini kutembea mpaka kituoni mwezi Julai ni kazi nyingine. Duka la mtaani hufungua asubuhi, hufunga karibu saa saba, hufungua tena saa kumi na kuendelea mpaka usiku. Mtu wa Kariakoo akifika soko la Mutrah saa nane mchana akute milango ya chuma imeshushwa na paka wamelala vivulini, hudhani kuna msiba. Rudi saa moja usiku: ubani umewaka, wauza fedha na kanzu wamejaa, vijana wanachoma mishikaki kando ya barabara na moshi wake unanukia Forodhani.

Kiswahili utakisikia kwa watu usiowatarajia. Familia nyingi za Oman zilizowahi kuishi Unguja, Pemba, Mombasa na bara zilirudi baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwafungulia mlango. Wazee wao wanazungumza Kiswahili cha Mji Mkongwe kisicho na doa, wanakula mandazi na mchuzi wa nazi. Hilo linasaidia sana kihisia. Kikazi, jiandae kwa Kiarabu na Kiingereza, na Kihindi au Kiurdu ukitaka kuelewana na fundi, dereva na muuza duka. Kingine: mzee akikukaribisha kwa Kiswahili sebuleni haina maana kwamba mwajiri wako atakuchukulia kama ndugu. Tangu Januari 2021 mfanyakazi akimaliza mkataba anaweza kwenda kwa mwajiri mwingine bila barua ya ridhaa ya yule wa kwanza, lakini ukaazi wako bado umefungwa kwenye ajira, na wanaokwenda kwa kazi za ndani wako chini ya taratibu zao pekee. Soma mkataba, umsomee na mtu mwingine.

*Minneapolis* inagawana mto Mississippi na Saint Paul, ndiyo maana huitwa miji pacha. Treni mbili za mjini zinakufikisha uwanja wa ndege, katikati ya mji na Saint Paul, na katikati ya mji kuna njia za vioo zinazounganisha majengo kwa juu, unaweza kutoka ofisini mpaka benki bila kuvaa koti. Nje ya hapo unahitaji gari, na gari la kule lina adabu zake. Theluji ikimwagika sana, jiji hutangaza dharura ya theluji, na hapo kuegesha kunakuwa somo la hesabu. Usiku wa kwanza, saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hupaki upande wowote wa barabara kuu zilizotengwa kwa dharura ya theluji. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, hupaki upande wa nyumba za namba shufwa kwenye mitaa mingine. Siku ya tatu, upande wa namba witiri. Ukikosea, gari linavutwa, na kulikomboa kunakula mshahara wa siku kadhaa.

Chakula si tatizo. Wasomali ni wengi mno, hasa Cedar-Riverside, na maduka yao ya pamoja kama Karmel Mall yana sambusa, chapati, chai ya maziwa yenye iliki, nyama halali na dera za kila rangi. Wengi wao walipitia Nairobi, Mombasa au Dadaab, kwa hiyo Kiswahili kinajibu. Wakenya wako kwa maelfu, hasa vitongoji vya kaskazini kama Brooklyn Park, na unga wa ugali utaupata bila kuuliza mara mbili. Kwa Mlutheri wa Iringa kuna undugu wa siku nyingi: sinodi ya Saint Paul na Dayosisi ya Iringa ya KKKT zina ushirika uitwao Bega kwa Bega, na si ajabu kukutana na mzee mweupe wa huko anayekusalimia "kamwene".

Kuhusu mshahara mkononi nitasema machache. Oman kwa sasa haina kodi ya mapato kwa mtu binafsi. Sheria ya 2025 inaileta kuanzia 2028 kwa wenye kipato zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, ambao pengine si mimi wala wewe. Minneapolis unakatwa na serikali kuu, na jimbo la Minnesota, na hifadhi ya jamii, kisha kuna bima ya afya. Kwa upande mwingine kuna kima cha chini kisheria, dola 15.97 kwa saa mwaka 2025 ndani ya jiji, na hakiangalii pasipoti yako. Oman kima cha chini kimewekwa kwa raia, hivyo chako ni kile ulichosaini.

Msiba na safari ya dharura

*Maskati* mpaka Dar au Zanzibar ni kama saa tano na nusu angani ndege ikiwa ya moja kwa moja. Habari ikikufikia jioni, mwajiri akiwa muungwana na pasipoti ikiwa mkononi mwako, unaweza kuwepo kwenye tanga kesho yake. Mazishi ya siku hiyohiyo hutayawahi, lakini khitma utaiwahi. Na hata usiposafiri, maziko ya saa saba mchana yatakukuta saa nane, ukiwa macho na simu mkononi.

*Minneapolis* hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi hupitia Amsterdam, na ukijumlisha kusubiri ni siku nzima na zaidi, kwa nauli ya dakika za mwisho isiyo na huruma. Maziko ya saa saba mchana Dar yanakuwa saa kumi alfajiri wakati wa baridi. Utaamka, utatazama kwa video, halafu saa moja uko kazini unamsaidia mzee wa watu kuvaa soksi. Kwa Waislamu wanaozika haraka, kusafiri ni kuwahi arobaini. Kwa familia za Kikristo zinazosubiri siku nne au tano, kufika kunawezekana.

Kwa hali yako

Umeacha watoto wadogo au mzazi mgonjwa na huna mpango wa kuwahamisha: Maskati ina nafuu kubwa, kwa saa na kwa nauli. Panga mapema njia ya kupiga simu.

Unataka kuhamia na familia, watoto wasome na wakulie hapohapo: Minneapolis inafaa zaidi, maana Oman ukaazi wako unakwisha na kazi na uraia ni mgumu kupata. Tofauti ya saa hupungua makali pale ambao ungewapigia wako nawe mezani.

Una mradi unaouendesha nyumbani, duka au ujenzi: Maskati kama kazi yako inaruhusu simu, Minneapolis kama utakubali shifti ya usiku kwa miaka michache. Minneapolis kwa shifti ya asubuhi, tafuta msimamizi unayemwamini kwanza.

Unashindwa na joto, au una ugonjwa wa ngozi unaochokozwa na jasho: fikiria mara mbili Maskati kwa kazi ya nje. Unaelemewa na giza na upweke: fikiria mara mbili Minneapolis, na ukienda, fika Mei, upate miezi mitano ya kujenga marafiki kabla theluji haijaanguka.

Bado umekwama? Weka saa ya mji mmoja kwenye simu yako kwa wiki nzima, kisha ya mji wa pili wiki inayofuata. Kila unapoongea na mtu wako wa karibu, itazame uone ungekuwa umelala, uko kazini au uko huru. Andika. Wiki mbili zikiisha, kaa na wakubwa tena, safari hii ukiwa na karatasi hiyo pembeni ya ile ya mshahara.